Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Chapa, Michoro na Picha, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa niaba ya klabu ya sanaa tunakushukuru, mgeni rasmi, kwa kuja. Tunajua Jumamosi hapa Moshi ina harusi tatu kwa kila familia, nawe umetuchagua sisi.

Klabu yetu ilianza kwa penseli na karatasi, basi. Aliyetuchokoza ni mwalimu mlezi wetu, ambaye hajawahi kutulia kwenye fani moja: leo anachonga ubao, kesho anapiga picha, keshokutwa anaichora picha ile ile kwa mkaa wa jikoni. Mwanzoni tulidhani hajui anachotaka. Sasa ametuambukiza.

Vibao vyetu vya kwanza vya kuchapia vilikuwa soli za ndala kuukuu, maana ndala hukatika kwa wembe bila ubishi. Tulichonga neno MOSHI, tukapaka wino kwa rola, tukalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Tulipoibandua ikasomeka IHSOM. Herufi M, O, H na I ukizigeuza hubaki vile vile, kwa hiyo zilisalimika. S ndiyo iliyotuumbua. Katibu muhtasi alicheka sana, kisha akaleta muhuri wa shule na kutuonyesha upande wake wa chini: maandishi yote kinyume. Miaka yote tunagongewa muhuri kwenye ruhusa za kwenda nyumbani, hakuna aliyewahi kuutazama. Hata kanga walizojifunga mama zetu mstari wa mbele ni kazi ya uchapaji, jina lake likiwemo.

Mgeni rasmi, picha za buluu zilizo ukuta wa kushoto hazikupigwa kwa kamera. Njia hiyo huitwa sayanotaipu. Aliivumbua Mwingereza John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins, wa huko huko Uingereza, akaanza kuitumia kutoa kitabu cha picha za mwani. Unachanganya dawa mbili zenye chuma, unapaka karatasi kivulini, ikikauka unaweka kitu juu yake na kuitoa juani. Palipopigwa na jua hushika rangi. Palipofunikwa, dawa huondoka kwa maji na pakabaki weupe. Atkins alitumia mwani, sisi tuna isale. Ni jani lile ambalo Mchaga akija nalo mlangoni kwako, unajua amekuja kuomba radhi. Tuliyachuma kwenye mpaka wa shamba la jirani bila kuuliza, na kwa kuwa ni isale, tunadhani tumeshasamehewa.

Jua lenyewe halitabiriki. Mwezi wa pili dakika chache zinatosha. Mwezi wa saba, mawingu yakishatanda mji mzima, tuliwahi kusubiri mpaka kengele ya chakula ikalia na karatasi bado imepauka.

Baadaye tukaanza kuchanganya fani. Tulikwenda stesheni, kwenye reli iliyofika hapa enzi za Wajerumani. Kabla hatujakaa, simu zilikuwa zimejaa picha. Mlezi akazikusanya simu, akasema sasa choreni. Tulipochora tukaanza kuhesabu madirisha. Tulipofika kwenye kuchonga ndipo jasho lilipotutoka, maana kisu hakijui kijivu: ni weusi au weupe, na kila tofali lazima uamue libaki au liondoke. Kamera haijawahi kutuuliza swali hilo.

Sokoni Mbuyuni, mama mmoja muuza ndizi alikataa kupigwa picha. "Mnakwenda kuniuza wapi?" Hatukubishana naye. Tuliomba tumchore, akakubali kwa sharti kwamba chapa ya kwanza iwe yake. Ameitundika juu ya meza yake ya ndizi. Ya pili ni hiyo iliyo karibu na mlango.

Mgeni rasmi, risala bila maombi si risala. Picha za buluu zinahitaji maji safi ya kuoshea, nasi tunagombea ndoo na wenzetu wa zamu ya usafi. Tunaomba tenki dogo la maji kando ya darasa letu. Karatasi nyepesi za dukani huchanika zikilowa, hivyo tunaomba karatasi nzito. Na tunaomba mashine ya kukandamizia chapa. Hatutaki ya kuagiza nje: fundi wa kuchomelea vyuma ameshaona mchoro wetu wa rola mbili na mkono wa kuzungushia, anasubiri chuma. Vijiko tunavyotumia sasa ni vya jikoni, na mpishi ameanza kuviulizia.

Pale mezani kuna kibao kipya kilichochongwa, wino umeshapakwa. Tunaomba chapa ya kwanza uibandue wewe. Neno tumelichonga kinyume safari hii.

Tunaomba kuwasilisha.