Ruwaza ya amri inafundishwa nusu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ruwaza ya amri, mojawapo ya ruwaza 23 za usanifu wa programu, yaani njia za kutatua matatizo yanayojirudia katika uandishi wa programu, ambazo Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walizikusanya mwaka 1994. Wanafunzi hufundishwa kwamba ombi lifungwe ndani ya kitu (kifurushi cha data na kazi zake) chenye mbinu, yaani kazi, moja ya kutekeleza, ili kitufe kinachobonyezwa kisihitaji kujua kazi inafanywaje wala nani anaifanya. Ni kweli, ila kama haja ni hiyo tu, lugha nyingi za leo huruhusu fanksheni yenyewe, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo, kupokezanwa kama thamani, na kuunda klasi nzima (kiolezo cha kuundia vitu) ni kujitwisha mzigo wa bure.

Ruwaza hii hufaa pale ombi linapotakiwa kudumu baada ya kutolewa: lisubiri kwenye foleni, liwekwe kwenye kumbukumbu, au litenduliwe, yaani mambo yarudishwe yalivyokuwa kabla yake. Katika programu ya kuhariri maandishi, amri ya kufuta inayojua tu kwamba ifute kuanzia herufi ya 10 hadi ya 25 haiwezi kutendua chochote, kwa kuwa herufi zenyewe zimeshapotea. Ni lazima izinakili na kuzitunza ndani yake kabla ya kuzifuta. Amri zilizotekelezwa hupangwa kwenye rundo, ya mwisho ikiwa juu, na kila inayotenduliwa huhamia rundo la pili, tayari kurudiwa. Mtumiaji akiandika jambo jipya, rundo hilo la pili halina budi kumwagwa, la sivyo amri za zamani zitatekelezwa juu ya maandishi ambayo si yale zilizoyakuta. Hapo wengi huteleza, nami niliwahi kuteleza.

Tena si kila amri hutendulika. Barua pepe ikishakwenda imekwenda. La kufanya ni kuishikilia amri yake kwenye foleni kwa sekunde chache, mtumiaji apate kughairi.

Ndiyo maana nawaomba walimu waache kuanza na mfano wa taa, ambao huonyesha kana kwamba kutendua kuwasha ni kuzima tu. Ikiwa taa ilikuwa inawaka hata kabla ya amri kutolewa, kuizima ni kosa, na mwanafunzi aliyeishia kwenye mfano huo hatajua kwa nini.

Wako,
Mwandishi wa programu