Mdogo wangu, usiache triathloni kwa ajili ya yale maji

Mdogo wangu,

Nimesikia umeamua kuacha triathloni, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, eti wewe si mtu wa maji. Hapo tunapishana. Bwawani unamaliza mita 1,500 bila kusimama, kwa hiyo kuogelea unajua. Kilichokupata kwenye maji ya wazi, yaani nje ya bwawa, ukakosa pumzi na kutapatapa, si uoga.

Maji ya baridi yakikugusa ghafla, mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa, kisha unahema mbiombio na moyo unakwenda kasi. Hali hiyo hufika kileleni ndani ya nusu dakika ya kwanza, na baada ya dakika mbili tatu huwa imeanza kutulia. Bahati mbaya, ndizo dakika zilezile ambazo filimbi imelia, watu wanakupiga mateke ubavuni, chini huoni kitu, na wewe unataka kwenda kasi. Unainua kichwa utafute hewa, miguu inazama, unazidi kutapatapa. Halafu mtu anakwambia ujikaze! Usimsikilize. Kujikaza kunakaza kifua, na kifua ndicho kinachotakiwa kilegee.

Kazi yako ni kutoa pumzi. Aliyepaniki huvuta tu, anaongeza hewa juu ya hewa ambayo hajaitoa, ndiyo maana anahisi anakosa pumzi na huku mapafu yamejaa. Puliza majini taratibu, hata kwa kuguna, mpaka usikie mapovu yakikupita mashavuni. Isipotulia, lala chali. Vazi la mpira la kuogelea (wetsuit) litakubeba. Kisha ogelea kichura kidogo, ukishapata mdundo wako ndipo urudi kwenye mtindo huru. Na kanuni zinakuruhusu kushika boya au kayaki ya waokoaji ukapumzika, mradi usiitumie kusonga mbele. Natamani kila anayeanza aambiwe hili mapema.

Siku ya mashindano, kama wanaruhusu, ingia majini kabla ya wakati, nawa uso, acha maji yaingie shingoni. Anzia pembeni au nyuma. Vazi likikukaba koo ukiwa nchi kavu, majini litakukaba zaidi, kwa hiyo livute kutoka miguuni kwenda mabegani mpaka shingo ipate nafasi. Mwili nao huzoea baridi: ukiingia mara chache, kwa dakika chache tu, ule mshtuko hupungua sana. Ila usiingie peke yako kamwe.

Jambo moja sitaki ulichukulie kuwa hofu. Kikohozi kisichokoma, makohozi yenye povu la rangi ya waridi, maumivu ya kifua, au pumzi isiyorudi hata ukilala chali: inua mkono, utolewe, umwone daktari. Vifo vingi vya triathloni hutokea kwenye kuogelea.

Basi usijitoe kwanza. Chagua asubuhi yoyote wiki hii, nitaingia nawe, nikae upande wako wa kulia unakovutia pumzi. Mwendo utaupanga wewe.