Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Tuonyeshwe uniti tulizotumia

Mheshimiwa Waziri,

YAH: MSTARI MMOJA KWENYE UJUMBE WA LUKU

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Pembeni ya mita yetu ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kuna msumari, na kwenye msumari huo tangu Januari linaning'inia daftari la shule. Kila magharibi mmoja wetu huandika uniti zilizobaki. Umeme ukinunuliwa, tunaandika fedha iliyotoka na uniti zilizoingia. Ombi langu limezaliwa humo.

Tulianza kuandika baada ya ugomvi. Umeme wa 20,000 ulikuwa haumalizi wiki mbili, na kila mtu nyumbani alikuwa na mtuhumiwa wake. Mimi niliilaumu pasi, mwenzangu akalaumu televisheni, na jirani akatuhakikishia kwamba mita inakimbia. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Usiku mmoja wa Februari tulizima kila kitu, hata feni, na joto la Dar mwezi huo unalijua. Tukaacha friji peke yake. Saa tatu usiku mita ilisoma 31.6. Saa kumi na mbili asubuhi ilisoma 30.4. Uniti moja na pointi mbili zimeondoka watu wote wamelala! Nikapiga hesabu nyuma ya daftari: kwa mwendo ule, friji peke yake ingekula zaidi ya uniti 90 kwa mwezi. Nikaweka karatasi kwenye mlango wake, nikaufunga, nikaivuta. Ikachomoka bila kushikwa popote. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa na kupasuka upande wa chini, baridi inavuja usiku na mchana, mashine haipumziki. Fundi akabadilisha mpira, tukaisogeza friji mbali kidogo na ukuta. Tulipopima tena kwa saa zilezile, zilitoka 0.5.

Mita ilikuwa inajua siku zote, Mheshimiwa. Sisi ndio tulikuwa hatujui namna ya kuiuliza.

Ninaponunua umeme napata ujumbe wenye tokeni ya tarakimu 20, idadi ya uniti, VAT asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) asilimia 3, ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na mara moja kwa mwezi kodi ya jengo 1,500. (Kodi hiyo inawachanganya wengi mtaani kwetu: ununuzi wa kwanza wa mwezi unaleta uniti pungufu, watu wanaamini bei imepanda kimyakimya.) Yote hayo yanahusu fedha. Hakuna mstari unaoniambia mwezi huu nimefikisha uniti ngapi, mwezi uliopita zilikuwa ngapi, na niko kundi gani la bei.

Na kundi la bei ndilo lenye uzito wote. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa D1, yaani mwenye matumizi madogo ya wastani wa uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na 350 kwa kila inayozidi 75. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, analipa 292 tangu uniti ya kwanza. Ukijumlisha makato, shilingi 9,150 zinampa mtu wa D1 uniti zote 75. Fedha hiyohiyo inampa mtu wa T1 uniti zisizofika 26. Tofauti kubwa kiasi hicho inategemea mpaka ambao mwenye nyumba haoni ameukaribia kiasi gani.

Dada yangu yuko Muheza, kundi la D1. Mwaka jana alinunua sufuria ya presha ya umeme, kwa sababu alisikia Serikali inahimiza nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, nami naunga mkono kwa moyo wote, maana mama yetu alikohoa moshi wa kuni maisha yake yote. Maharage ya familia yake yanaiva kwa uniti isiyofika nusu. Hata kwa bei yangu mimi wa T1, hiyo ni chini ya shilingi 180, ambazo huku Mbagala hazinipatii hata nusu ya kopo la mkaa. Lakini dada sasa anapika kwa umeme wiki mbili za mwanzo wa mwezi, kisha anarudi kwenye mkaa kwa kuogopa kuvuka 75. Anaogopa kwa kukisia tu, kwa sababu hana pa kuangalia. Huenda miezi mingine alikuwa na uniti 20 za kuchezea.

Ndiyo maana naomba mstari mmoja tu kwenye ujumbe wa ununuzi: jumla ya uniti za mwezi na kundi la bei. Kumbukumbu za manunuzi tayari zipo kwenye mfumo unaotoa tokeni. Naomba pia stika pembeni ya kila mita, kwa Kiswahili, yenye namba za kubonyeza ili kuona matumizi, kwa kuwa namba hizo hutofautiana kwa aina ya mita na wengi tunajua kuingiza tokeni tu. Na mpaka wa 75 uangaliwe upya kwa kaya inayopikia umeme. Uniti 75 zilizotosha taa, redio na friji ndogo haziwezi kubeba na jiko juu yake.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Kabla ya kuhamia hapa tulipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, mita moja. Tulichanga kwa vyumba. Mama muuza maandazi wa chumba cha nyuma, mwenye taa moja na simu ya kuchaji, alichanga sawa na aliyekuwa na friji na feni mbili. Kaya sita kwenye mita moja ni vigumu sana kubaki chini ya 75, hivyo watu wenye matumizi madogo kuliko wote walikuwa wananunua kwa bei ya T1. Kuvuta mita yake mwenyewe mjini ni shilingi 320,960, na hakuna mpangaji atakayezitoa kwenye nyumba ambayo anaweza kuambiwa ahame mwezi ujao. Nyumba za namna hii zimejaa Mbagala, Tandale na Manzese. Naomba Wizara itafute njia ya kumpa mpangaji mita ya chumba chake kwa kulipa kidogokidogo kupitia tokeni, na mita ibaki kwenye chumba akihama.

Daftari letu lipo, liko wazi kwa afisa yeyote wa Wizara atakayetaka kuliona.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mteja wa LUKU,
Mbagala, Dar es Salaam