Dada, daftari la mtoto si kuni

Dada, shikamoo.

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na shemeji kila nikimpigia ananiambia umelala, hata saa nne asubuhi. Basi soma. Na majirani wasome.

Mwanao sikumwiba, nilimpeleka kutembea Saadani. Nilikuaga Ijumaa baada ya isha, umenyoosha miguu unapakwa hina, ukasema "haya, haya" bila kunitazama. Hiyo ni ruhusa hata mbele ya kadhi. Najua ulikuwa umembebea rundo la mitihani ya miaka ya nyuma, aimalize kabla ya arusi. Mtoto wa darasa la nne, Bagamoyo, wenzake wanaogelea!

Kwenye vitabu vyake amekariri kwamba Bwana Heri wa Saadani alipambana na Wajerumani mwaka 1889. Ila hakujua kuwa Saadani ni kijiji, kina watu, minazi na kuku. Alidhani ni jina la ukoo. Nilipomwambia kipo jirani na sisi, na kwamba tangu 2005 eneo lile ni hifadhi ya taifa, akaniuliza kama itatoka kwenye mtihani. Hilo ndilo swali la kwanza ulilomfundisha, dada.

Tulipanda boti Mto Wami. Viboko wamejaa, mamba kalala tope mdomo wazi, ndege mdiria anapiga mbizi. Nusu saa mtoto hakusema neno. Kisha maswali yakafunguka, na si ya mtihani tena. Kwa nini viboko wanashinda majini ilhali wanakula majani? Mhifadhi akamwambia usiku wanapanda nchi kavu kulisha, mchana wanarudi mtoni, na kinyesi chao kinarutubisha maji. Vijidudu wanapata chakula, samaki wanapata vijidudu. Akamwonyesha mizizi ya mikoko, akamweleza kuwa kamba wachanga wanajificha humo mpaka wakue ndipo waende baharini. Akamsimulia pia kasa wanaotaga pwani ya Madete: mchanga ukiwa na joto kali mayai hutoa majike, ukipoa hutoa madume. Mwanao akafikiri, kisha: "Sasa jua likizidi kila mwaka, madume watatoka wapi?" Mhifadhi alivua kofia akacheka. Dada, swali hilo watu wazima wanalifanyia utafiti.

Yote aliyaandika mwenyewe, kwa penseli, na michoro.

Tukarudi jioni. Wewe uko uani na wanawake wa arusini mnamenya kamba. Akakukimbilia na daftari. Ukafungua, ukasoma kwa sauti, "Mavi ya kiboko ni chakula cha samaki," uwanja mzima ukaangua kicheko. Ukasema hayo ndiyo unayolipia ada? Ukalisokomeza chini ya sufuria ya pilau pamoja na vifuu. Mtoto hakulia. Alisimama akiangalia moto, na wewe ukaendelea kumenya kamba wale wale aliotoka kuwaandika. Mashangazi wanasema nisahau, ilikuwa pilikapilika za shughuli. Mimi sisahau.

Na inaniuma zaidi kwa sababu ni wewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwa vipande vya gazeti vilivyofungiwa vitumbua, ukinifuta mafuta vidoleni nisizibe herufi. Hukuuliza kama vitumbua vipo kwenye mtihani.

Ukija kumpeleka wewe, mwachie penseli, simu ibaki nyumbani. Mwache akisie kabla hujamjibu, na usimharakishe aende kutafuta simba. Tope lenye nyayo linatosha asubuhi nzima. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikaa juani, mgongo unaniuma, sikumpa jibu hata moja kabla hajajaribu. Nani mwingine kwenye ukoo huu angekaa? Kaka yetu angelala kwenye boti, na unajua.

Likizo ya Desemba namtaka tena. Daftari jipya nimeshanunua, lenye jalada gumu. Ukitaka njoo naye, kitanda chako kipo pale pale, na urojo utaukuta.

Ile hela uliyonitumia, eti ya kiingilio na boti ili tusidaiane, nimekurudishia jana usiku. Angalia simu yako, na usiirushe tena.