Jumamosi: fumbo la mikunga (tafadhali jibuni)

Wapenzi wa chemshabongo salaam, poleni na majukumu. Kikao cha Jumapili kimehamia JUMAMOSI saa 10 jioni, palepale Forodhani upande wa baharini, manake Jumapili wengi mna harusi.

Mada ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Herufi 6, na mtihani wake ni kwamba mkunga ni mzalishaji pia, ila kwenye wingi wanaachana, samaki ni mikunga, wazalishaji ni wakunga, kwahiyo someni swali vizuri. Mimi mwezi uliopita niliandika MKUNGU kwa peni, nikawaza ndizi tu, basi neno la wima lililoanzia pale badala ya ASALI likawa USALI 😂

Wale wa mafumbo ya Kiingereza mnamjua EEL, herufi 3 na 2 ni irabu, watunzi wanampenda kuziba mapengo. Ongezeni MORAY, CONGER na ELVER, huyo wa mwisho ni mtoto wa mkunga.

1. Mchango 3,000, ni fotokopi, kahawa na kashata. Mwisho Alhamisi usiku, kwa mhazini.
2. Kila mtu aje na maswali 2 ya kutunga mwenyewe, moja lichezee maana mbili za mkunga.
3. Penseli na kifutio jamani, peni tumekoma.

Andikeni NAKUJA au SIJI kabla ya kesho saa 6 mchana, nijue idadi ya kopi, na dada wa kashata anangoja hesabu.