Kuhusu kusoma historia ya biashara

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na habari za cheo kipya zimenifurahisha mno. Hongera sana. Umeniuliza kama kusoma historia ya biashara kutakufaa sasa kwa kuwa umekuwa meneja. Kutakufaa, ila si kwa namna inayosifiwa na wengi.

Chukua habari ya Ford, kampuni ya magari ya Marekani. Januari 1914 Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya uliokuwepo, na saa za kazi zikapungua kutoka 9 hadi 8. Husimuliwa kwamba alitaka wafanyakazi wake nao waweze kununua magari. Ukichimba zaidi unakuta shida nyingine. Mwaka 1913 kiwanda chake cha Highland Park kilianza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea. Mtu akawa anarudia kitendo kimoja kutwa nzima, na watu wakawa wanaacha kazi. Mwaka huo kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili nafasi kama 14,000 zisibaki wazi. Tena nyongeza ile ilikuja na masharti: wakaguzi wa kampuni walifika majumbani kuangalia mfanyakazi anaishije, kama ni mlevi, kama anaweka akiba. Meneja aliyeishia kwenye kisa kifupi atapandisha mishahara na kungoja muujiza. Aliyesoma yote atataka kwanza kujua kwa nini watu wake wanaondoka. Kwangu mimi faida ya somo hili iko hapo hasa.

Lakini kuna hatari, nayo inanisumbua zaidi. Kila mtu anaitaja Kodak, kampuni ya Marekani iliyotajirika kwa kuuza filamu za kamera. Mhandisi wake, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, na Januari 2012 kampuni ikaomba mahakama iikinge na wadai wake. Basi wanasema: walilala. Ukishajua mwisho, kila uamuzi wa katikati huonekana wa kijinga. Wale waliokuwa wakiamua hawakuujua mwisho huo. Na hawakulala: katikati ya miaka ya 2000 Kodak ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kamera za dijitali nchini Marekani. Tatizo ni kwamba kamera hizo ziliacha faida ndogo, na mnunuzi wake hakurudi tena dukani kununua filamu.

Wengine hutaja Fujifilm ya Japani, nayo ya filamu, iliyookoka biashara hiyo ilipoporomoka kwa kupeleka ujuzi wake wa kemia kwenye vipodozi, dawa na utando wa skrini. Funzo, wanasema, ni kupanua biashara. Mbona Kodak nayo ilipanua? Mwaka 1988 iliinunua kampuni ya dawa ya Sterling Drug kwa dola bilioni 5.1, na kufikia 1994 ikawa inaiuza vipandevipande. Dawa zilimfaa mmoja, hazikumfaa mwingine. Kwa hiyo mtu akikuletea kisa kimoja cha kampuni na kanuni moja mkononi, usikubali haraka. Kumbuka pia kwamba kampuni nyingi zilizokufa mapema hazikuacha hata majalada. Tunazozisoma ni zile zilizodumu au zilizoanguka kwa kishindo.

Mimi ningekushauri usome hivi: fika mpaka siku ya uamuzi, kisha funga kitabu. Andika walichokijua siku hiyo, walichokiogopa, na ambacho wewe ungefanya. Ndipo uendelee. Utashangaa jinsi uamuzi ulioitwa wa kipumbavu ulivyokuwa na hoja nzito.

Na kabla ya Ford na Kodak, omba kumbukumbu za vikao vya zamani vya kampuni yako. Utaratibu unaokukera leo huenda uliwekwa kuzuia hasara fulani ambayo hakuna anayeikumbuka tena. Huenda pia sababu yake ilishakwisha, nao umebaki kwa mazoea tu. Chunguza kabla hujaufuta, kisha niandikie ulichokikuta.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.