Mlango wa Kutokea

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi, nikaisoma tena pole pole. Ahsante kwa kuniamini. Nakujua ulivyo mtu wa siri, na najua kurasa zile mbili hukuziandika kwa siku moja. Umenieleza mlipofikia na yule dada mnayefanya naye kazi: hakuna kilichotendeka hadi leo ila maneno, lakini maneno yenyewe yamekuwa ya kufutwa kila jioni kabla hujaingia nyumbani. Halafu pale chini kabisa ukaandika, "Nimefunga, nimeomba, na bado moyo unamwendea. Labda mimi sijaokoka."

Nianzie hapo chini, maana naona ndipo panapokumaliza.

Kujaribiwa si dhambi, ndugu yangu. Bwana wetu alifunga siku 40 jangwani, na mjaribu alimjia pale pale, njaa ikiwa imemshika. Haikuwa kwamba mfungo wake haukupokelewa. Luka anaongeza neno ambalo tunalipita haraka: Ibilisi alipomaliza akaenda zake "kwa muda". Kwa muda tu. Ikiwa kwa Mwana wa Mungu alikusudia kurudi, usishangae kwamba kwako amerudi Jumatatu baada ya wiki nzima ya kufunga. Na Waebrania inasema wazi kwamba Yesu alijaribiwa "sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi". Kwa hiyo ule mvuto unaousikia si hati ya kukufukuza katika nyumba ya Baba. Anayechukuliwa na maji haisikii nguvu ya mto. Anayeisikia ni yule anayeogelea kupanda.

Hilo nimelisema kwa moyo wangu wote. Sasa niseme na la pili, uniwie radhi: hali yako si nyepesi kama ulivyoiandika. "Maneno tu," umesema. Yakobo anasema kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe "huku akivutwa na kudanganywa", na neno alilolitumia kwa Kiyunani ni la kunaswa kwa chambo. Kisha anabadili picha: tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti. Mimba haina kelele. Mwezi wa kwanza hakuna anayeiona, lakini siku zake zinahesabika. Na wewe umeshafika mahali pa kufuta. Maneno matupu hayafutwi.

Najua ninachokisema, kwa sababu nimepita hapo. Hili sijawahi kukuambia.

Miaka kadhaa iliyopita niliihifadhi namba ya mwanamke mmoja kwenye simu yangu kwa jina la "Fundi Bomba". Nakumbuka kidole kikiandika herufi zile, na nakumbuka nilivyojiambia kwamba naepusha maswali yasiyo na sababu. Hatukuwa tumefanya lolote. Tulisalimiana, tulipeana pole za kazi, yeye akanieleza ya kwake, nami nikaanza kumweleza ya kwangu, hasa yale yaliyoniudhi kwa mke wangu. Usiku mmoja nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimempa mke wangu mgongo, mwanga wa simu nimeupunguza mpaka mwisho. Yule mwanamke alikuwa ameandika jambo ambalo nilijua nikilijibu hatutarudi tulikotoka. Wakati huohuo mtoto wetu mdogo akakohoa chumba cha pili, akaita, "Baba, maji."

Aliita Baba. Hakumwita mama yake.

Nikasema, "Nakuja," nikaendelea kuandika. Akaita tena. Nikakasirika. Nilimkasirikia mtoto wa miaka minne kwa sababu ana kiu. Alipoita mara ya tatu mke wangu akaamka, akapita mbele yangu gizani akiburuta miguu kwa usingizi, hakusema neno. Nikasikia maji yakimiminwa, nikasikia mtoto akinywa kwa pupa, nami simu nimeilaza kifudifudi juu ya paja.

Ujumbe ule niliutuma. Yaliyofuata sitayaandika, ila yaliipa nyumba yetu machozi ya karibu miaka miwili, na kama leo tunakaa meza moja ni kwa rehema za Mungu na uvumilivu wa mke wangu.

Siku zile nilikuwa naomba, usidhani nilikuwa nimeacha. Nilikuwa naomba nguvu. Kila asubuhi: Bwana, nipe nguvu. Na nguvu sikuiona ikija, nikafika mahali ulipo wewe leo, pa kudhani kwamba Mungu amenyamaza au mimi si wake. Baadaye sana, nikiandaa somo la kikundi chetu cha maombi, nikausoma upya ule mstari wa Wakorintho wa Kwanza, sura ya 10, mstari wa 13, ambao sote tumeukariri. Tunapenda kuunukuu hadi pale pasemapo Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, tukaishia hapo. Lakini Paulo anaendelea: "lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili." Pamoja na lile jaribu. Mlango hauji baadaye, baada ya mtu kupigana mpaka akachoka. Unakuja saa ileile jaribu linapoingia. Na mlango haungoji ujisikie shujaa. Mlango unataka miguu tu.

Nilipousoma hivyo niliifunga Biblia. Mlango wangu uliniita kwa jina mara tatu, unaomba maji ya kunywa.

Tangu hapo siwezi kuisoma habari ya Daudi kama zamani. Tumezoea kuhubiri kwamba alikosea kupanda darini, au kwamba wafalme walikwenda vitani yeye akabaki Yerusalemu, na ni kweli. Lakini tazama milango aliyoipita. Alipotuma watu kuulizia habari za yule mwanamke aliyemwona akioga, jibu lililorudi lilikuwa na jina la mumewe ndani yake: ni mke wa Uria, Mhiti. Uria alikuwa mmoja wa mashujaa wa Daudi mwenyewe, jina lake limo katika orodha yao. Jibu lile lilikuwa mlango, umefunguliwa wazi na mjumbe ambaye labda mikono ilimtetemeka. Daudi akaupita. Kisha, mimba ilipopatikana, akamwita Uria kutoka vitani ili aende kulala kwake, na Uria akakataa starehe wakati wenzake wako uwandani, akalala wapi? Mlangoni pa nyumba ya mfalme. Yule aliyedhulumiwa amelala mlangoni, na mfalme angeweza kushuka usiku ule akapiga magoti akaungama. Badala yake akamlewesha, na kesho yake akaandika barua ya kumwua, akampa aibebe kwa mkono wake mwenyewe. Kila mlango ulioachwa ulifanya unaofuata uwe mgumu zaidi. Nabii Nathani alipokuja kumkemea, mtu alikuwa ameshazikwa.

Yusufu yeye aliutumia mlango, na ni mlango wa kweli: akaiacha nguo mkononi mwa yule mama, mke wa bwana wake Potifa, aliyemtaka alale naye, akakimbia nje. Ila ukiisoma vizuri sura ya 39 ya Mwanzo utaona kwamba mbio zile hazikuanza siku ile. Yule mama alimsemesha siku baada ya siku, na Yusufu hakukataa kulala naye tu, alikataa hata kuwa karibu naye. Alikuwa anatoka kidogo kidogo kila siku, kwa hiyo siku ya siku ilipofika miguu iliijua njia. Na hakulipwa kwa hilo, si upesi. Aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, na sehemu ya miaka hiyo aliimaliza gerezani kwa kosa asilolitenda. Nakuambia haya kwa sababu sitaki nikudanganye. Unaweza kutoka na ukaumia. Huyo dada anaweza kukasirika, anaweza kukusema vibaya, unaweza kupoteza nafasi fulani kazini. Swali la Yusufu lilikuwa moja: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?" Hakuuliza atapata nini.

Basi, milango yako. Umeiandika wewe mwenyewe katika barua bila kujua. Ulisema mkuu wako alikupa nafasi ya kuhamia zamu nyingine ukakataa kwa sababu "zamu hii nimeizoea". Huo ni mmoja. Ulisema binti yako siku hizi anakuuliza kwa nini unakaa garini muda mrefu ukifika nyumbani. Ndugu yangu, nilipofika hapo nililia, maana nilisikia ile sauti ya maji.

Usimwandikie barua ndefu ya kuagana. Najua utataka, utasema ni ustaarabu, umweleze vizuri asiumie. Kuagana kwa namna hiyo ni kuingia tena. Mwambie kwa maneno machache, mchana, kwamba mazungumzo ya faragha yameisha na kwamba kosa ni lako, kisha futa namba. Wala usimgeuze kuwa shetani moyoni mwako ili iwe rahisi kumwacha. Ni dada, ana upweke wake, Kristo alimfia. Tamaa ni yako mwenyewe, Yakobo ameshasema.

Agostino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, alikiri kwamba ujanani aliomba Mungu ampe usafi wa moyo, lakini si sasa hivi. Wengi wetu tumeomba hivyo bila kulitamka lile neno la mwisho. Mwaka 386, akiwa bustanini huko Milano, alifungua Warumi akakutana na pale Paulo asemapo tumvae Bwana Yesu Kristo, "wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Yaani usiiwekee tamaa akiba. Namba iliyobaki kwenye simu "kwa ajili ya kazi" ni akiba. Unajua mwenyewe zilizobaki.

Kuhusu kumwambia shemeji, hapa waamini hutofautiana, nami nitakupa maoni yangu tu. Anza na mchungaji wako, au yule mzee wa kanisa unayemheshimu, ana kwa ana, wiki hii. Asikie yote. Halafu mwombe akusindikize katika kumwambia mkeo. Mimi nilingoja mke wangu agundue, na aliniambia baadaye kwamba kilichomuumiza zaidi kilikuwa lile jina, Fundi Bomba; kwamba nilikaa nikafikiri namna ya kumdanganya. Mithali inasema afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali aziungamaye na kuziacha atapata rehema. Kuungama na kuacha vimewekwa pamoja, na katika maisha yangu sijawahi kuweza la pili bila la kwanza.

Na kama barua hii itakukuta umeshaanguka? Posta ni polepole na usiku ni mwingi. Basi nikukumbushe jambo moja la Petro. Usiku aliomkana Bwana alikuwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, kwa kuwa ilikuwa baridi. Neno hilo la Kiyunani, moto wa makaa, linaonekana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na zote mbili ziko kwa Yohana. Mara ya pili ni ufukweni, baada ya ufufuo: wanafunzi wanashuka chomboni, wanakuta moto wa makaa na samaki juu yake na mkate, na Yesu ndiye aliyeuwasha. Petro lazima alipousikia ule moshi moyo ulimpasuka. Bwana hakumficha asiuone. Alimketisha hapo, akamlisha kwanza, ndipo akamwuliza mara tatu kama anampenda. Na kumbuka kwamba kabla ya yote, kabla hata jogoo hajawika, alikuwa amemwambia, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike."

Kwa hiyo usikae mbali kwa sababu ya aibu. Njoo hata kama unanuka moshi.

Alhamisi saa nne usiku, ile saa uliyosema ndiyo mbaya kwako, nitakupigia. Pokea hata kama huna la kusema, tutaomba. Nitakuuliza mambo mawili: ile namba bado ipo, na umemwambia mkuu wako nini kuhusu zamu. Nikupigie kila usiku wa wiki hiyo ukitaka, mimi silali mapema.

Wabusu watoto. Na huyo binti akikuuliza tena kwa nini unakaa garini, shuka uende naye ndani.

Ndugu yako katika Kristo.